Mzigo wa Mwenzio Katika Milima ya Italia

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walisema hivyo juu ya watu waliotembea njia moja, mmoja akiwa na mzigo kichwani na mwingine akitikisa mikono mitupu. Hapana aliyedhani kwamba maneno hayo yangekuja kufaa juu ya wapanda baisikeli katika milima ya Italia. Lakini yanafaa, tena yanafaa sana. Maana kila mwaka, mwezi wa Mei, mashindano yaitwayo Giro d'Italia yanapozunguka nchi ile kwa muda wa wiki tatu na hatua 21, wageni wengi kutoka nchi nyingine huja na baisikeli zao, au hukodi za huko, ili kupanda milima ile ile wapandayo washindani na kuwatazama wakipita. Safari hiyo ni njema. Lakini miongoni mwa wasafiri wake kuna maneno yaliyozoeleka ambayo si mema, na yafaa yajibiwe.

Kwanza safari yenyewe ipewe haki yake. Mgeni hufikia, mathalan, katika mji wa Bormio, ulio mita 1,225 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara humpeleka Stelvio, ambako njia hufika mita 2,758. Au Gavia, ambako hupita mita 2,600. Au huteremka bondeni hata akafika Mazzo, mwanzo wa Mortirolo, kilima cha kilomita 12 ambacho ukali wake huwafanya watu wenye nguvu washuke na kusukuma baisikeli kwa mikono. Akipenda kuipanda Stelvio kwa upande wa Prato, atahesabu kona 48, kila moja na nambari yake, katika barabara iliyojengwa baina ya mwaka 1820 na 1825 na mhandisi Carlo Donegani wakati nchi hizo zilipokuwa chini ya dola ya Austria. Siku ya mashindano ataegemeza baisikeli yake kwenye ukingo wa barabara, atakula mkate wake, na atangoja. Halipi kiingilio. Washindani watampita karibu hata asikie pumzi zao. Jioni atarudi Bormio akaoge katika maji ya moto yabubujikayo toka ardhini, ambayo watu wameyajua tangu zama za Warumi. Mtu aliyepata siku kama hiyo ana haki ya kushukuru.

Ubaya huanza mezani usiku, mgeni akisha kunyoosha miguu yake na kuanza kuhukumu. Husema kwamba mlima ule naye ameupanda. Kwamba baridi ile naye ameionja. Na kwa hiyo anajua ni nini kinachowezekana na ni nini kisichowezekana. Kutoka hapo huingia katika kuwalaumu washindani wa siku hizi kuwa ni walaini, wanaodekezwa na kuogopa mvua.

Matukio wanayoyataja sana ni mawili. La kwanza ni la tarehe 23 Oktoba 2020. Mwaka huo mashindano yalisogezwa kutoka Mei hadi Oktoba kwa ajili ya maradhi ya korona. Washindani waliamka Morbegno penye mvua na baridi, wakitakiwa waende kilomita 258 hadi Asti, nao wakakataa kuumaliza mwendo wote. Sehemu kubwa ya njia wakaichukua kwa gari, na mashindano yakafanywa katika sehemu iliyobaki. La pili ni la tarehe 21 Mei 2024, walipokataa kuanzia Livigno katika hali mbaya ya hewa ya milimani, hata hatua ikafupishwa na kuanzia Lasa, chini bondeni. Mara zote mbili maneno ya dharau yalikuwa mengi, na hayakutoka kwa watu wasiojua baisikeli ni nini. Yalitoka pia kwa wale waliokuwa na vumbi la milima ile katika matairi yao.

Hoja za watu hawa zina sura tatu, na kila moja yastahili jibu lake.

Hoja ya kwanza hujifunika kwa methali: aisifuye mvua imemnyea. Mgeni amenyeshewa Gavia, basi anaijua mvua ya Gavia. Lakini methali hiyo yahusu mtu aliyenyeshewa na asiwe na pa kujificha. Mgeni huamka, hufungua dirisha, hutazama mawingu, na hapo ana hiari. Akitaka atapanda, asipotaka atakunywa kahawa na kupanda kesho. Akichoka katikati ya kilima atasimama, na kusimama kwake kutaitwa kufurahia mandhari. Akishindwa kabisa, gari la wenye safari litampakia. Siku hizi aweza hata kukodi baisikeli yenye mota, akapanda kona zote 48 huku umeme ukimsaidia. Katika hayo yote hapana dhambi. Likizo ndiyo maana yake: mtu kuwa bwana wa siku yake.

Mshindani si bwana wa siku yake. Saa ya kuondoka amepangiwa, njia amepangiwa, na akifika baada ya muda uliowekwa, huondolewa katika mashindano hata kama amemwaga jasho la kufa. Wengi wao hata hawashindanii ushindi wao wenyewe. Waitaliano huwaita gregario: watu wa kumlinda kiongozi na upepo, wa kurudi nyuma kwenye gari kumchukulia maji, na wa kumpa gurudumu lao wenyewe likipasuka lake. Hao ni wafanyakazi, na barabara ni shamba lao.

Mfano ulio wazi sana ni wa mtu ambaye asili yake i karibu na wasomaji wa lugha hii. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na mashindano ya baisikeli alijifunza Kenya pamoja na David Kinjah, mwalimu wa vijana wa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Mwezi wa Mei mwaka 2010, katika hatua ya 19 ya Giro, alikuwa akipanda Mortirolo huku goti likimwuma, akashika pikipiki ya polisi imvute. Kwa kosa hilo alifukuzwa katika mashindano. Hukumu ilikuwa ya haki, maana sheria ni sheria. Lakini na tupime: mlima ni ule ule, na maumivu ni yale yale, mgeni akishika kitu kinachoendeshwa kwa mota hupata sifa ya kufika juu, na mshindani akikishika hufukuzwa. Basi mtu atasemaje kwamba hao wawili wamepanda mlima mmoja? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kulikalia tandiko si kulala kitandani. (Froome huyo alirudi mwaka 2018 akashinda Giro nzima, baada ya kuwaacha wenzake katika kilima cha Colle delle Finestre, ambacho sehemu yake ya juu ni ya changarawe, kukiwa kumebaki kilomita 80 kufika mwisho. Hivyo aliyeshindwa na goti mwaka mmoja hakuwa mlaini.)

Hoja ya pili ni ya wazee. Husemwa kwamba washindani wa zamani hawakunung'unika. Walipita matope, theluji na giza, wakafika wakiimba. Hoja hii ina heshima ya nje na dhuluma ya ndani, kwa kuwa hugeuza ufukara wa watu kuwa pambo.

Giro ya kwanza iliondoka Milano tarehe 13 Mei 1909, kwa kusudi la gazeti la La Gazzetta dello Sport kujitangaza na kuuza nakala nyingi zaidi. Hata fulana ya rangi ya waridi, avaayo anayeongoza tangu mwaka 1931, ilichukua rangi yake kwenye karatasi ya gazeti hilo. Waliondoka watu 127. Waliomaliza walikuwa 49. Aliyeshinda ni Luigi Ganna, mwashi wa nyumba. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa mwishoni anaonaje moyoni mwake, alijibu kwa lahaja ya kwao kuwa makalio yanamwuma. Jibu lile ni la kweli kuliko hotuba nyingi zilizotungwa baadaye juu ya ushujaa. Ganna hakutafuta mateso. Alitafuta ujira mkubwa kuliko ujira wa matofali, na mateso yalikuwa bei yake.

Wala si kweli kwamba wazee hawakugombana na wenye mashindano. Mwaka 1924 washindani wengi wenye majina walikaa nje ya Giro kwa sababu ya ugomvi wa fedha. Wenye mashindano wakafungua mlango kwa wowote waliotaka kuja, wakiwaahidi chakula na malazi. Na katika mlango huo aliingia Alfonsina Strada, mwanamke pekee aliyepata kushiriki katika Giro ya wanaume. Katika hatua ya kwenda Perugia, siku ya upepo na mvua, alianguka, na inasimuliwa kwamba usukani wake uliovunjika ulitengenezwa kwa kipande cha mti wa ufagio. Alifika baada ya muda, akaondolewa katika hesabu rasmi. Lakini aliruhusiwa kuendelea, naye akaendelea mpaka Milano. Watu humsifu kwa uvumilivu, na wafanya vema. Lakini mwaka ule ule unaosifiwa kwa uvumilivu wake ndio mwaka ambao wakubwa wa mchezo walisema hapana. Kukataa basi si uzushi wa vijana wa leo. Ni urithi.

Siku ipendwayo kuliko zote na wahukumu wa mezani ni tarehe 5 Juni 1988, siku ya theluji ya Gavia. Siku hiyo Mmarekani Andy Hampsten alivuka mlima katika tufani akavaa fulana ya waridi, na jina lake halitasahauliwa. Lakini wasimulizi humtaja Hampsten wakamwacha Johan van der Velde, Mholanzi aliyetangulia wote kufika juu. Alifika mikono yake ikiwa wazi, na mwili ukiwa umelowa jasho la kupanda. Kisha akaanza kuteremka katika upepo wa barafu. Ndipo mwili ulipomkatalia. Alilazimika kusimama kutafuta joto, akafika Bormio akiwa amepoteza zaidi ya dakika 40. Hilo ndilo asilolijua mgeni, ambaye akifika juu huvaa koti, huingia mkahawani, na kuteremka polepole akishika breki. Katika baridi hatari haiko katika kupanda, kwa maana mpandaji hujipasha moto kwa kazi yake. Hatari iko katika kuteremka, vidole vikiwa vimekufa ganzi na breki haziwezi kubanwa.

Tena barabara haihitaji barafu ili iue. Tarehe 9 Mei 2011, katika hatua ya tatu ya Giro, kijana wa Kibelgiji Wouter Weylandt, mwenye umri wa miaka 26, alianguka katika mteremko wa Passo del Bocco akafa pale pale barabarani. Nambari yake, 108, haikuvaliwa tena na mtu katika mashindano hayo. Mtu aliyeteremka mteremko ule kwa mwendo wa likizo, akasimama kupiga picha, kisha akarudi kuwaambia wengine kuwa hapana cha kuogopa, amesema kwa ulimi ambacho miguu yake haikukijua.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Husemwa: washindani hulipwa, na mashindano yasiyo na dhiki hayana ladha, watu hawasimami saa sita kando ya barabara ili kuona starehe. Hapa pana ukweli, na ukweli haufai kukataliwa kwa kuwa umetoka kinywani mwa mpinzani. Ugumu ni roho ya mchezo huu. Tarehe 10 Juni 1949 Fausto Coppi alivuka milima mitano kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kilomita 254, akamwacha Gino Bartali kwa karibu dakika 12. Mwaka 1953, Stelvio ilipoingizwa katika Giro mara ya kwanza, alimshinda Hugo Koblet huko juu. Mambo hayo yangekuwa mepesi, hapana ambaye angeyakumbuka.

Lakini ugumu ni kitu kimoja, na hatari ya bure ni kitu kingine. Mlima ni mgumu katika jua kama katika mvua. Siku moja kabla ya wale washindani wa 2020 kuitwa walaini, walikuwa wameivuka Stelvio katika hatua ya kilomita zaidi ya 200. Na ile hatua iliyofupishwa mwaka 2024 alishinda Tadej Pogačar, bora wa wote katika mashindano ya mwaka huo, wala sifa yake haikupungua. Kadhalika tarehe 17 Mei 2022, katika mji wa Jesi, mbali na vilele vya theluji, Biniam Girmay wa Eritrea alimpita Mathieu van der Poel akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano makubwa ya wiki tatu. Nchi yake ilikuwa koloni la Italia tangu mwaka 1890 hadi 1941, na baisikeli za mashindano zilifika huko pamoja na watawala. Ushindi huo ulikuwa na ladha isiyohitaji tone la barafu. Tena jukwaani, alipokuwa akifungua chupa ya ushindi, kizibo kilimpiga jichoni, akalazimika kuyaacha mashindano. Mwili wa binadamu ni huo: huvuka milima, na huangushwa na kizibo.

Ama kulipwa, ujira hununua kazi ya mtu; haununui maisha yake. Mvuvi hulipwa kwa samaki, lakini hapana anayemwita mwoga akikataa kuingia baharini kusi ikivuma kwa nguvu. Anayekaa ufukoni akila samaki huyo ndiye wa mwisho kustahili kumcheka.

Na kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna ushahidi mmoja ambao hauhitaji maelezo marefu. Coppi huyo aliyevuka milima mitano alikuwa mtoto wa kijiji cha Castellania, aliyeanza maisha yake ya kazi kwa kupeleka nyama za duka kwa baisikeli huko Novi Ligure. Mwezi wa Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, nchi iitwayo leo Burkina Faso, kushindana na kuwinda. Alirudi na malaria. Mwenzake Mfaransa, Raphaël Géminiani, aliugua vilevile. Maradhi yake yakatambuliwa, akapona. Ya Coppi hayakutambuliwa, akafa tarehe 2 Januari 1960, akiwa na umri wa miaka 40. Kila mama wa pwani ya Afrika Mashariki anajua maana ya homa ipandayo na kushuka, na anajua kuwa nguvu za mgonjwa hazimtishi mbu. Sifa zote za Stelvio hazikumwongezea Coppi ngozi ya pili. Kilichookoa mmoja na kumpoteza mwingine si ushujaa. Ni kwamba mwili mmoja ulisema, ukaeleweka, na mwingine ulisema usieleweke.

Washindani wa Morbegno na wa Livigno walikuwa wakisema kwa niaba ya miili yao. Wanaostahili kuwasikia kabla ya wengine ni wale walioonja sehemu ndogo ya kazi yao, yaani hao hao wageni wa likizo. Maana faida kubwa ya kupanda Mortirolo kwa miguu yako ni kipimo. Mtu aliyeshuka na kusukuma baisikeli mahali ambapo washindani watapita kesho wakishindana, baada ya wiki mbili za njia, amepewa mizani mkononi. Akiitumia kupima udogo wa taabu yake mbele ya kazi ya wenzake, amerudi na mali. Akiitumia kujilinganisha nao, ameibeba mizani hiyo kichwa chini.

Basi yeyote apangaye kwenda Italia na baisikeli yake, na aende. Apande Stelvio asubuhi kabla barabara haijafungwa. Apite Madonna del Ghisallo, kanisa dogo juu ya ziwa Como, ambalo Papa Pius wa 12 alilifanya mwaka 1949 kuwa la mlinzi wa wapanda baisikeli. Humo atazikuta baisikeli za washindi zimetundikwa ukutani, na kati yake ile ya Fabio Casartelli, aliyekufa mwaka 1995 katika mashindano ya Ufaransa. Asimame hapo kidogo. Kisha akakae kando ya njia, asiwakimbilie washindani wala kuwagusa; awashangilie wa kwanza, wala asiondoke mpaka apite wa mwisho, kwa sababu wa mwisho naye anapigana na saa. Na siku wakisema kwamba leo mlima haupitiki, awaamini. Yeye alikuwa na koti, na mkahawa, na kesho. Wao walikuwa na mzigo.